Kasha la kuzamia la Sony A6400: plastiki au alumini, kwa mikono midogo na bajeti ya dola 1,500?

Mwani_Tanga

Wakuu, salaam. Nina Sony A6400 na lenzi ndogo ya milimita 16-50 inayouzwa nayo, na natafuta kasha la kushukia nayo majini. Kazi ni za aina mbili: kuzamia kwa mtungi Mafia na Pemba, kina kisichozidi mita 30, na kuogelea na papa potwe Kilindoni kwa snokeli msimu ukifika. Mikono yangu ni midogo.

Bajeti ni dola 1,500 kwa kila kitu: kasha, poti (dirisha la kasha mbele ya lenzi), flashi, mikono ya kuishikilia, usafiri hadi Dar na kodi. Nimebaki na majina matatu: SeaFrogs Salted Line ya polikaboneti (plastiki ngumu), Ikelite 200DLM, na Nauticam NA-A6400 ya alumini iliyotumika. Ninachotaka kujua: ile tofauti kubwa ya bei inanunua nini hasa? Nitajuaje kabla ya kulipa kama vidole vitafika kwenye vitufe? Na gharama zipi watu husahau kuzihesabu?

---

Kinasi_30m

Mkuu, kina kiweke pembeni kwanza. Ikelite ya mfululizo wa 200 imepimwa mita 60 (hiyo 200 ni futi), Nauticam mita 100, na SeaFrogs mita 40 au zaidi kutegemea toleo. Kwa mita 30 zako zote zinatosha. Pesa ya ziada inanunua mambo mawili: namna unavyofikia vitufe bila kuachia mshikio, na namna vitufe hivyo vinavyofanya kazi ukiwa chini.

Hilo la pili watu hulidharau, kwa hiyo nilieleze kwa hesabu. Ukiwa mita 30, maji yanalisukuma kasha kwa takriban kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba zaidi ya hewa iliyomo ndani. Kitufe chenye mhimili wa milimita 4 kinasukumwa ndani kwa gramu 380 hivi. Mhimili ukiwa wa milimita 6, unafika gramu 850. Kinachokirudisha nje ni springi peke yake. Springi ikiwa dhaifu, kitufe kinazama na kubaki kimebonyea: kamera inang'ang'ania kwenye menyu, au inaonyesha picha zilizopita na kukataa kupiga mpya. Fundi akiweka springi kali kufidia, kitufe kinakuwa kigumu kwa kidole gumba cha mtu mwenye mkono mdogo. Kasha zuri hutumia mhimili mwembamba na springi iliyopimwa sawasawa. Kasha la bei nafuu huwa na vitufe vingi vya aina moja vilivyopangwa juu ya mgongo wa kamera, na ndivyo vya kwanza kukusumbua ukipita mita 20 na kitu.

Sasa vidole. Kwenye makasha ya alumini, wenzo wa kufyatulia na wenzo wa gumba huletwa hadi pembeni mwa mshikio. Kiganja kinabaki kimefumba, kidole cha shahada kinavuta, gumba linabonyeza fokasi. Kwenye makasha ya plastiki vitufe vinakaa palepale vilipo kwenye kamera, huku mshikio wa trei (bamba linalofungwa chini ya kasha) ukiwa sentimita kadhaa pembeni. Kila ukitaka kubadilisha kitu, mkono unaachia. Bwawani hiyo si shida. Kwenye mlango wa Kinasi kule Mafia maji yakiwa yanakimbia, ni shida kubwa.

Pima hivi. Fumba mkono kana kwamba umeshika mpini, kisha nyoosha kidole cha shahada bila kulegeza vidole vingine vitatu. Pima kutoka kwenye pembe kati ya gumba na shahada hadi ncha ya shahada, halafu pima ufikio wa gumba kwenda upande wa ndani. Mwombe muuzaji akupimie kwa rula kwenye kasha lenyewe, si kwenye picha: kutoka katikati ya mshikio hadi wenzo wa kufyatulia, hadi kitufe cha fokasi, hadi gurudumu la nyuma, hadi kitufe cha kurekodi video. Manne hayo ndiyo yanayotumika kila dakika. ISO na menyu zinaweza kusubiri, hata ukiachia mkono si neno.

Kama kuna duka au chuo cha kuzamia kitakachokuruhusu kulishika, vaa barakoa ya kuzamia, fumba macho, upige, ubadilishe kasi, ukuze, urekodi. Ukitafuta kitufe kwa kupapasa zaidi ya mara moja ukiwa nchi kavu, majini utakikosa kabisa.

---

Hesabu_za_Bahari

Mimi nijibu la gharama, kwa sababu dola 1,500 zenye kodi ndani yake si nyingi kama zinavyosikika.

Bei ninazoweka ni za makadirio, angalia upya siku unayonunua. SeaFrogs na poti yake ya kawaida: karibu 300. Kuba (poti ya umbo la nusu tufe): 150. Pampu na vali ya vakyumu (ya kunyonya hewa ndani ya kasha ili kupima kama linavuja): 80. Trei, mishikio miwili na mkono wa flashi: 150. Flashi moja ya kuaminika: 400. Kebo ya faiba (inayopeleka mwanga wa kamera kuwasha flashi ya nje) na vibanio: 50. Hapo ni 1,130. Usafiri na bima weka 100, tunafika 1,230.

Forodha haianzi na bei ya dukani. Inaanza na bei pamoja na usafiri na bima. Bidhaa ikiangukia kundi la ushuru la asilimia 25 la Afrika Mashariki, 1,230 inakuwa karibu 1,538. VAT ya Tanzania ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, si juu ya bei ya mwanzo, na unafika 1,814. Tozo nyingine sijazihesabu. Kwa ufupi zidisha kwa 1.475 ndipo uone gharama halisi. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwulize wakala wa forodha kasha, flashi na trei vitaingizwa kwa kundi gani kila kimoja. Usikubali vyote viandikwe "vifaa vya kamera" kwa mkupuo, maana kundi moja lenye ushuru mkubwa linaweza kubeba mzigo mzima.

Ndiyo kusema hata kwa kasha la bei ya chini, seti kamili yenye flashi inavuka bajeti yako. Ikelite kasha tupu linakaribia 1,000 na poti unanunua mbali. Nauticam nayo kwa kawaida poti haimo kwenye bei. Kwa kamera hii ni poti za saizi ya N85, pamoja na gia ya kukuzia ya lenzi yako (inayozungusha pete ya lenzi ikiwa ndani ya kasha). Mtu akikutangazia iliyotumika kwa bei nzuri, uliza kwanza: poti imo? Gia ya 16-50 imo? Pampu ya vakyumu imo? Vitatu hivyo vikikosekana, nafuu yote imeyeyuka.

Ushauri wangu ni kununua kwa awamu, na awamu ya kwanza iwe bila flashi. Kasha, kuba, vakyumu na trei yenye mishikio ya dola 60 ni 590. Ongeza 80 za usafiri, zidisha kodi, unafika karibu 990. Papa potwe hapigwi flashi hata hivyo, na yuko juu juu ambako jua linatosha. Kwa mita 5 hadi 10 piga RAW (faili ghafi) na urekebishe rangi nyumbani. Flashi ifuate baadaye.

---

PweziMweupe

Kwa nini asiuze hiyo A6400 achukue OM System TG-7 na kasha la PT-059? Kamera yenyewe inahimili mita 15 bila kasha, kwa hiyo Kilindoni anaingia nayo hivyo hivyo. Kasha linafika mita 45, lina mahali pa kuchomeka kebo mbili za faiba, linakaa kwenye kiganja kimoja, na likivuja kamera haifi papo hapo. Inakaribia kitu hadi sentimita moja, kwa wadudu wadogo wa mwambani haina mpinzani kwa bei yake. Kwa mkono mdogo naona ndilo jibu.

---

Kinasi_30m

Hoja ya kasha kuvuja ni ya kweli na ina uzito. Lakini TG-7 ina kihisi (kinachonasa picha) kidogo, megapikseli 12, na haina modi ya kuweka kasi na tundu kwa mkono vyote kwa pamoja. Chini mita 25 kwenye ukuta wa Pemba, mwanga mdogo na maji ya bluu nyuma, unataka uamue mwenyewe bluu hiyo iwe nzito kiasi gani. Angekuwa anaanza bila kamera ningekubaliana nawe moja kwa moja. Mwenye A6400 tayari mkononi anauza kwa hasara ili anunue kihisi kidogo.

---

Lenzi_na_Kuba

Kabla hujachagua kasha, amua lenzi itakayokaa mbele, kwa sababu poti ndiyo itakayokula pesa miaka ijayo na poti za kampuni moja haziingii kwenye kasha la nyingine.

Lenzi yako ikiwa 16 inaona takriban digrii 83 kutoka pembe hadi pembe. Nyuma ya poti bapa, maji yanapinda mwanga na zinabaki kama 60. Papa potwe wa mita 6 ndani ya maji ya Kilindoni, ambayo yamejaa chakula chake na yana ukungu, unahitaji kumkaribia na bado aingie wote. Kwa digrii 60 utalazimika kurudi nyuma, na kati yako naye kutakuwa na mita nyingi za vumbi la bahari. Kuba inakurudishia pembe yako ya awali. Hiyo ndiyo sababu ya kuinunua. Wanaoinunua kwa ajili ya picha za nusu maji nusu anga wanapata hilo kama nyongeza.

Kuba ina masharti. Lenzi inakuwa inatazama taswira iliyo karibu sana mbele ya kioo, kwa hiyo lenzi isiyoweza kufokasi karibu itakataa. Pembe za picha zinalainika ukifungua tundu sana. Kaa f/8 hadi f/11. Kuba ya akriliki inakwaruzika haraka, ila mikwaruzo midogo hujazwa na maji na haionekani, na unaweza kuing'arisha. Ya kioo ni ngumu, nzito na ghali. Kwako akriliki inatosha.

Kitu cha pili cha kukagua ni kukuza. Hiyo 16-50 inakuza kwa mota, na A6400 haina swichi ya kukuza kwenye mwili wa kamera. Ni kwenye lenzi tu. Kasha lisilo na gia inayoshika pete ya lenzi hiyo litakufungia kwenye 16 mbizi nzima. Muulize muuzaji kwa jina kamili la lenzi, SELP1650, na kwa poti utakayotumia, kwa sababu gia inaweza kufanya kazi kwenye poti bapa na isifanye kwenye kuba.

Ukichagua poti bapa yenye uzi wa milimita 67, una njia nyingine: lenzi ya kuongeza upana inayofungwa nje, ndani ya maji. Unaivua na kuweka ya kukuzia vidogo katika mbizi hiyohiyo. Nauticam WWL-1 ni ya aina hiyo na inafika digrii 130, lakini peke yake inagharimu zaidi ya kasha la SeaFrogs mara kadhaa. Ziko za bei ya chini zenye pembe laini zaidi. Kumbuka kutoa mapovu kati ya lenzi na poti kila unapoifunga: ilegeze kidogo ukiwa majini, itikise, kaza.

---

Mwani_Tanga

Shukrani sana wakuu, hapa nimepata zaidi ya nilichouliza. Muuzaji wa SeaFrogs amenipimia: katikati ya mshikio wa trei hadi wenzo wa kufyatulia ni milimita 95, na ufikio wangu wa shahada ni 80. Je, hilo linarekebishika? Pili, nimesikia makasha ya plastiki yanaelea. Na vakyumu ni lazima kweli, au ni ya kuuzia tu?

---

Fundi_Oringi

Milimita 15 zinarekebishika. Trei nyingi zina matundu marefu ambamo mshikio unateleza. Legeza skrubu ya chini, usogeze mshikio ndani hadi ukaribie kugusa kasha, uache nafasi ya kidole tu ili vifungio vifunguke. Bado haifiki? Kuna wenzo wa kurefushia wa kufunga juu ya kifyatulio, au vipande vya alumini vya kugeuzia mshikio uinamie mbele. Usiongeze kitu kwenye kifyatulio kwa gundi: uzito wa ziada unabonyeza nusu na fokasi inahangaika muda wote.

Kuelea ni kweli. Kasha la plastiki lina hewa nyingi kuzunguka kamera, na kuba inaongeza. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kuba inaelea mbele huku nyuma pakiwa pazito, kasha linajipindua kutazama juu na kifundo cha mkono kinalizuia dakika 50 nzima. Mkono mdogo unachoka kwa hilo kuliko kwa uzito. Pima kwa beseni kubwa na mizani ya ndoano ya kupimia mizigo. Weka kamera ndani, funga kila kitu, zamisha. Likielea, ongeza vipande vya madini ya risasi kidogo kidogo chini ya trei, upande wa mbele karibu na kuba, mpaka lizame taratibu likiwa limelala sawa. Maji ya bahari yanabeba zaidi ya ya bomba kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo seti inayochukua nafasi ya lita 4 itakuwa nyepesi kwa gramu 100 hivi baharini. Kwa mtungi lenga gramu 200 za kuzama baharini, maana yake 300 kwenye beseni. Kwa snokeli toa risasi hiyo: likikuponyoka lielee. Risasi iwe ya kufungua kwa mkono.

Vakyumu nunua hata kama itabidi uache kuba. Oringi (pete ya mpira inayozuia maji mlangoni) inakazwa na maji yenyewe: kadiri unavyoshuka ndivyo inavyobanwa. Hatari iko mita ya kwanza, ambapo hakuna kinachoibana bado, na hapo ndipo makasha mengi huvuja. Ukitoa hewa ndani hadi ipungue kwa asilimia 20, mlango unabanwa kama uko mita 2 chini tangu ukiwa chumbani. Muhimu zaidi, unapata kipimo kabla ya kulowana. Pampu, acha nusu saa, tazama. Taa ikibaki kijani, shuka. Ikibadilika, fungua na utafute unywele au chembe ya mchanga. Joto linaweza kudanganya: kasha likitoka chumba chenye kiyoyozi likaenda juani, hewa ndani inapanuka na kipimo kinasogea bila kuwepo tundu. Lipime penye kivuli.

Oringi yenyewe: itoe kwa ukingo wa kadi ya plastiki, usitumie kisu wala pini. Pitisha vidole kwa mwanga wa tochi. Grisi kama punje ya mchele kwa oringi nzima, ing'ae tu. Grisi haizibi maji, kazi yake ni kuilainisha. Ikizidi inakusanya mchanga. Tumia grisi ya mtengenezaji wa kasha lako, kwa sababu grisi ya silikoni kwenye oringi ya silikoni huivimbisha na haitarudi kwenye mfereji wake.

Funga kasha chumbani penye hewa kavu, si kwenye dau. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na ukilifunga hapo kisha likaguswa na maji ya baridi zaidi, kioo kinaota ukungu kwa ndani. Pakiti mbili za silika jeli, zisiguse oringi. Betri ya A6400 ni NP-FW50, ndogo, kwa hiyo weka mpya kila unapofunga ili usilazimike kufungua baharini kati ya mbizi.

Mbizi ya kwanza kasha liende tupu: karatasi ya chooni ndani, kipande cha risasi badala ya kamera, hadi kina chako kirefu kabisa, bonyeza vitufe vyote ukiwa chini. Vitufe vinavyogoma utavijua hapohapo. Ukirudi, liloweke maji baridi nusu saa huku ukibonyeza kila kitufe, chumvi itoke kwenye mihimili. Na usiliache kwenye pipa la pamoja la mashua, linagongana na makasha ya wengine.

---

Mwani_Tanga

Nimeelewa. Kuna Nauticam iliyotumika mtu anauza Nairobi, na poti na gia vimo, dola 1,150. Nikaikague vipi? Au niachane nayo?

---

Fundi_Oringi

Kama mkono wako haufiki kwenye ile nyingine, inastahili safari. Nenda na kamera yako, betri ya CR2032 (ya kipimo cha vakyumu cha kasha) na tochi.

Tazama kila skrubu ya chuma mahali inapoingia kwenye alumini. Unga mweupe au rangi iliyovimba kuzunguka skrubu ni ulikaji. Kidogo juu juu si neno, lakini ukiwa kwenye mfereji wa oringi au uso unaokutana nao, acha. Pitisha ukucha kwenye mfereji wote: ukikwama mahali, hapo maji yatapita. Bonyeza kila kitufe kwa pembeni, si katikati tu. Kinachorudi taratibu kimejaa chumvi na kinahitaji kufunguliwa. Weka kamera ndani, washa, jaribu vyote, halafu fyatua flashi ya ndani: wenzo wa kuiinua ufanye kazi, maana ndiyo itakayowasha flashi ya nje kupitia faiba.

Kisha vakyumu, saa nzima, mbele ya muuzaji. Asiyekubali saa moja usinunue kwake. Uliza pia lini lilifanyiwa huduma na kama oringi za ndani za vitufe zilibadilishwa. Kama hana jibu, tenga pesa ya huduma kamili na umwombe aipunguze kwenye bei. Ukipanda nalo ndege, toa oringi kubwa au acha poti wazi, vinginevyo tofauti ya hewa itaugandisha mlango. Na likitoka Nairobi kwenda Tanga linavuka mpaka, litangaze na ubebe risiti yenye bei halisi.

---

Hesabu_za_Bahari

Nyongeza ndogo: kasha hilo limetengenezwa kwa A6400, wakati SeaFrogs limetengenezwa likae A6000 hadi A6500. Kamera yako ikifa, huenda ukahitaji A6400 nyingine. Zilizotumika bado zinapatikana kwa urahisi, kwa hiyo hilo halinitishi, ila usipange kupandisha kamera mwaka ujao ukiwa na kasha hilo. Kwa 1,150 zenye poti na gia unabaki na 350 za kodi ya mpakani na trei, na ukitozwa ile 1.475 kodi peke yake ni karibu 546, kwa hiyo mwulize wakala kwanza; flashi hutapata mwaka huu. Kama papa potwe na kuta za Pemba za kina kifupi ndizo kazi kuu, bado ningelichukua hilo la Nairobi, likipita saa moja ya vakyumu na kodi isipovuka bajeti.